Bilauri ya Mzee Rwegoshora

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Desderius, aliyenisindikiza, amejitolea mara nyingi tugawane, ati naye alichangia kidogo kwa kunihimiza nivae tai. Nimemkatalia. Ujinga ule ulikuwa mzima, na wote ulikuwa wangu.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwaka wa hamsini na nne, mvua za masika zimekwisha na kahawa zimeanza kuiva Nyabiyonza. Nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa baba yake Kemigisha.

Nieleze kwanza kazi yetu, maana bila kazi ile nisingemjua Kemigisha, na bila kazi ile nisingefukuzwa kwao.

Hospitali ya misheni ilikuwa na nyumba moja ya bati nyuma ya wodi, nasi tukiiita kiwanda. Humo zilitengenezwa dawa za zahanati ndogo zote, kuanzia Omurushaka mpaka Kyerwa: mafuta ya upele, dawa ya kikohozi, na hasa maji ya sindano. Dawa nyingi za sindano zilitufikia zikiwa unga mkavu, na unga haumwingii mtu mwilini mpaka uchanganywe na maji yasiyo na kitu chochote ndani yake. Desderius aliyachemsha maji kwenye mtambo wa shaba mpaka yakawa mvuke, na mvuke ukapoa ukarudi kuwa maji. Kemigisha aliyatia kwenye vichupa vyembamba vya kioo, akaishika shingo ya kichupa kwenye moto wa spiriti, kioo kikalegea, akakivuta kwa kibanio, kikajifunga chenyewe. Mwisho kabisa nilikaa mimi. Kazi yangu ilikuwa kukiinua kila kichupa kwenye mwanga wa dirisha, nikitikise kidogo, nikiinamishe, nitazame kama ndani kinaelea kitu. Kikiwa safi, nakilaza sandukuni. Kikiwa na unyuzi wa pamba au chembe ya kioo, natamka neno moja, "Nyuzi," halafu la pili, "Tupa." Maneno hayo nilikuwa nikiyasema kutwa nzima, mwaka wa pili ule.

Meza ya Kemigisha ilitazamana na yangu. Kila nikikishusha kichupa, yeye ndiye niliyemkuta mbele yangu, kichwa amekiinamisha kwenye moto, midomo ameibana kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Mimi ni mtu niliyepigwa na maisha mapema. Baba alifariki nikiwa bado shuleni, nimebeba magunia bandarini Bukoba, nimelala kwenye maghala ya watu. Nilidhani nimeshajua kila kitu kinachoweza kumwangusha mwanamume. Sikujua kuhusu shingo ya msichana aliyeinamia moto mdogo.

"Mbona vichupa vyangu unavitazama muda mrefu kuliko vya Placidia?" aliniuliza siku moja. Placidia ndiye aliyeosha vichupa na kuniletea vitupu nivikague kabla havijajazwa.

"Vya Placidia navikagua. Vyako navitazama."

"Na tofauti yake ni nini?"

"Ukija kwetu Kanyigo nitakueleza."

"Kanyigo nikafanye nini, mimi Mlutheri wa watu?"

"Utakula samaki."

"Samaki mnawaita chakula kwa sababu ng'ombe hamna," akasema, akarudi kwenye moto wake. Lakini masikio yalikuwa mekundu, na kwa weusi ule alionao, masikio mekundu si jambo dogo.

Basi tukafika Jumapili ile. Njiani, katikati ya migomba, Desderius hakuniachia nafasi ya kuvuta pumzi.

"Vua viatu kabla hujakanyaga nyasi za ndani. Ukipewa kahawa ya kutafuna, pokea kwa mikono miwili. Ukipewa rubisi, kunywa. Ukiulizwa habari ya dini, nitazame mimi."

"Na nikiulizwa mengine?"

"Nitazame mimi vilevile. Leo mdomo wako umeuacha kanisani."

Mzee Rwegoshora alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, ingawa hakuwa wa wale waliookoka wakakataa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alitupokea sebuleni, sakafu imetandikwa nyasi mbichi zinazonukia. Karibu na mlango wa ndani alikaa dada yake, shangazi Kokwijuka, mwanamke mwembamba aliyeishi hapo kwa kaka yake, akisuka mkeka bila kuutazama.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaeni."

Tukakaa. Mzee akamgeukia Desderius, kana kwamba mimi nimebaki nje na viatu.

"Kijana ni wa Bukoba."

"Wa Kanyigo, mzee."

"Mkatoliki."

"Mkatoliki, ndiyo," Desderius akasema, "ila si sana."

Shangazi akacheka puani. Mzee hakucheka.

"Mtu asiye sana kwa Mungu wake, atakuwa sana kwa nani?"

Nikamtazama Desderius kama tulivyopatana. Desderius alikuwa anatazama dari. Nikaona nisiposema mimi, hakuna wa kusema.

"Mimi ni sana, mzee. Misa naenda, na kuungama naenda. Sijamwomba Kemigisha abadilike, wala yeye hajaniomba. Tumeona tuje kwanza kwako."

Mzee akanipima kwa macho. Kisha kidevu chake kikashuka kidogo.

"Angalau hili amelisema mwenyewe," akamwambia Desderius. "Kemigisha, lete kinywaji."

Hapo moyo wangu ukakaa vizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ningekuwa na akili ningeomba ruhusa ya kuondoka dakika ile ile.

Kemigisha akaingia na sinia. Nilizoea kumwona na aproni nyeupe na kitambaa kichwani. Siku ile alivaa gauni la kanisani la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa upya, na akapiga magoti juu ya zile nyasi kwa utaratibu ambao kiwandani sikuwahi kuuona. Nyumba ile hunywa kwa vibuyu. Lakini kwa kuwa mgeni anafanya kazi na madaktari, mzee aliagiza bilauri za kioo, zikaazimwa kwa jirani. Mzee akaichukua bilauri moja, akanywa yeye kwanza mafunda mawili, kama mwenye nyumba anavyofanya kwetu sote tuliozaliwa upande huu, ili mgeni aone kwamba anachopewa hakina kitu. Kisha akanipa bilauri ile ile.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Macho yangu yalikuwa kwa Kemigisha. Naye akainua macho yake kidogo, kidogo tu, akanitazama kutoka chini ya kope kama anayesema, unaona, nilikwambia baba si mkali.

Na mkono wangu ukaenda kazini.

Mkono huo, bila kuniuliza, uliinua bilauri kwenye mwanga wa mlango. Ukaitikisa kidogo. Ukaiinamisha. Rubisi haijawahi kuwa nyeupe tangu migomba ipandwe. Ndani yake huelea punje za mtama na vipande vya nyasi zilizokamulia ndizi, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mdomo wangu nao, ambao kwa mujibu wa Desderius ulikuwa umebaki kanisani, ukarudi mbio.

"Nyuzi," nikasema. "Tupa."

Mkeka wa shangazi ulinyamaza. Kemigisha alifumba macho polepole kama mtu aliyesikia sufuria ikianguka chumba cha pili.

"Ni kazi, mzee," Desderius akasema haraka. "Mkono wake umezoea. Hata chai ya Daktari huwa anaiinua hivyo hivyo."

"Na Daktari humfanyaje?"

"Hucheka."

"Mimi si Daktari," mzee akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekunywa mimi kwanza, machoni pake. Bilauri hiyo hiyo. Baba yangu amepokea watu katika nyumba hii, na babu yangu amepokea watu, na hakuna mgeni aliyewahi kuinua kinywaji chetu juani akitutafutia sumu."

"Sikutafuta sumu, mzee," nikasema. "Nilikuwa natafuta nyuzi."

Desderius akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nendeni," mzee akasema. "Sikufukuzi kwa sababu ya dini yako, ukawaambie wenzako hivyo. Nakufukuza kwa sababu ya mkono wako. Na Kemigisha hatarudi kule kesho wala kesho kutwa. Nyumba inayowafundisha watu kushuku walichopewa na wenzao si mahali pa binti yangu."

Nilitoka peku. Nilikuwa nimeshafika kwenye majamvi ya kuanikia kahawa, Desderius yuko mbele anatembea kwa hasira kama yeye ndiye aliyekuwa anaoa, nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Kemigisha, ameshika viatu vyangu.

"Umenifukuzisha kazi, Egbert."

"Nimesikia."

"Siyo posa tu. Kazi. Ile kazi naipenda mimi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeufunga ule mkono kamba kabla hujaja." Akanitupia kiatu kimoja. "Hivi ulikuwa unatazama nini?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ulivyoinua macho."

"Sasa kama macho yako yalikuwa kwangu, hizo nyuzi uliziona wapi?"

"Sikuziona. Nilisema tu."

Akageuza uso upande wa migomba. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikasogea, ndipo nikaona anacheka, halafu nikaona anafanya yote mawili.

"Usinichekeshe," akasema. "Nimekasirika."

"Nakuona."

"Nyuzi, tupa. Mbele ya baba. Katika bilauri za kuazima."

"Nirudi nikapige magoti?"

"Ukirudi leo atakupiga, na mimi nitamsaidia kukushika."

"Basi nilete mbuzi, niombe radhi kwa utaratibu."

"Baba hachukui mbuzi wa mtu asiyemwelewa. Anachotaka ni kuelewa, na hakuna wa kumwelewesha, kwa sababu wewe ukifungua mdomo unazidisha." Akanipa kiatu cha pili, mkononi, na hakukiachia mara moja. Kidole chake cha shahada kilikuwa na alama ndogo ya kuungua, ya ule moto wa spiriti. Niliijua alama hiyo kuliko nilivyoyajua mashairi ya shule. "Egbert."

"Naam."

"Kiti changu asikikalie mtu."

Akaachia kiatu, akarudi kwao bila kugeuka. Nami nikasimama pale na kiatu kifuani, mpaka Desderius alipoita kutoka barabarani kuuliza kama nimeota mizizi.

Kiti kilikaa tupu. Placidia alijaribu kufunga vichupa akiwa amesimama, kwa kuwa nilimkatalia kukaa, na akasema hiyo ndiyo sababu vikawa vibaya. Vilikuwa vibaya kweli. Sisi vichupa vikishafungwa tunavichemsha ndani ya maji ya buluu. Kilichofungwa sawasawa hubaki cheupe, kilichoachwa na tundu, hata dogo kuliko jicho la sisimizi, huinywa ile buluu. Desderius aliinua wavu kutoka kwenye sufuria, na vyote vilikuwa buluu kama sare za shule.

"Hapa tunatengeneza wino," akasema.

Zahanati za Kyerwa zikaanza kuulizia maji ya sindano. Mwishowe Daktari, Mswidi mmoja mrefu mwenye aibu, alikwenda mwenyewe kwa mzee Rwegoshora. Hakwenda kubishana. Aliomba siku moja tu, Kemigisha aje amfundishe Placidia, kisha aage vizuri. Mzee akakubali, kwa sharti moja: naye atakuja, na atakaa humo ndani mpaka jioni, akiangalia.

Asubuhi hiyo nilivunja vichupa vingi kuliko nilivyovunja tangu niajiriwe.

Waliingia watatu, maana shangazi Kokwijuka alikataa kubaki nyumbani. Mlangoni Placidia akawasimamisha. Viatu nje. Mikono kwenye beseni, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Kofia ya mzee ikatundikwa, akafungwa kitambaa cheupe kichwani, na fundo likatokea nyuma ya shingo kama masikio ya sungura.

"Hapa kuna masharti kuliko kanisani," mzee akasema.

"Kimekupendeza, kaka," shangazi akamwambia. Chake alikuwa ameshakifunga kwa mtindo wake, na kilimkaa vizuri.

"Shikamoo mzee," nikasema kutoka kwenye meza yangu.

"Marahaba," akajibu, akiitazama sufuria.

Desderius alimtembeza kwenye mtambo, akamwonyesha mvuke unavyopanda na matone yanavyodondoka.

"Kumbe mnapika kama watu wapikavyo konyagi ya ndizi," mzee akasema.

"Hivyo hivyo, mzee."

"Na mwisho wake hakuna anayelewa."

"Hakuna."

"Hasara," akasema mzee, na naapa niliona pembe ya mdomo wake ikitetemeka.

Kisha Kemigisha akakaa kwenye kiti chake. Hakunitazama. Akawasha taa ya spiriti, akakishika kichupa cha kwanza, akakizungusha shingo juu ya ule ulimi wa moto, taratibu, kidole na kidole, mpaka kioo kikang'aa rangi ya chungwa na kulegea. Akavuta. Kikafunga. Akakilaza chini, akachukua kingine. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, akaanza kusogea mbele, kidogo kidogo, mpaka magoti yake yakagusa meza ya binti yake. Nadhani hakuwahi kujua binti anafanya nini huko anakokwenda kila asubuhi. Alijua tu kwamba anarudi ananukia dawa.

"Utajiunguza," akasema, kwa sauti ya chini sana.

"Sijiunguzi, baba."

"Nani alikufundisha?"

"Alinionyesha Daktari mara moja. Mengine nimejifundisha nikiungua."

Mzee akaitikia kwa kichwa chenye masikio ya sungura.

Vilipotoka kwenye maji ya buluu, vyeupe vyote, Desderius aliviosha akavileta kwenye meza yangu. Vilikaa pale mbele yangu. Na mimi nikaganda. Ningeinua vipi mkono ule ule, mbele ya jicho lile lile?

"Kagua," Kemigisha akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu majamvi ya kahawa.

"Mzee yupo."

"Mzee namwona. Kagua. La sivyo vitakwenda Kyerwa hivyo hivyo."

Nikainua cha kwanza dirishani. Nikatikisa. Nikainamisha. Safi. Cha pili safi, na cha baada yake. Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogezwa. Niliendelea. Nilianza hata kufikiri kwamba siku itapita salama, ndipo ndani ya kichupa kimoja kikapita kitu. Kilielea, kikageuka, kikapotea, kikarudi. Unyuzi wa pamba, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.

Kilikuwa cha Kemigisha. Baba yake alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yangu. Hakuna mtu mwingine aliyekiona kile kitu. Ningekilaza sandukuni, kidogo tu hivi, na mchana ule ungeisha kwa vicheko, na pengine ningekaribishwa tena Jumapili. Sandukuni, kwa upole. Nani angejua?

Nikamtazama Kemigisha. Alikuwa ameacha moto, ananitazama. Hakuniomba kitu chochote kwa yale macho. Alikuwa anasubiri tu aone mimi ni nani.

"Nyuzi," nikasema. "Tupa."

"Cha nani hicho?" mzee akauliza.

"Cha Kemigisha, mzee."

"Unakitupa cha binti yangu, mbele yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Lete."

Akakiinua mwenyewe dirishani. Akakigeuza huku na huku.

"Sioni kitu."

"Kiinamishe. Pole pole. Sasa."

Akatazama muda mrefu. Kisha mkono ukasimama.

"Kijinyuzi hiki?"

"Hicho."

"Kidogo hiki."

"Humo ni kidogo, mzee. Kikiingia kwenye mshipa wa mtoto wa mtu huko Kyerwa, si kidogo tena. Na yule mama anayemshika mtoto hatumjui. Hawezi kuja hapa kutuuliza kama tulitazama."

Mzee akamgeukia binti yake. "Nawe umekasirika?"

"Angekiacha ndiyo ningekasirika," Kemigisha akasema. "Angekiacha, baba, mwenyewe ningekwambia umfukuze."

"Na yeye anatazamwa na nani?"

"Na mimi. Sanduku lake likijaa narudia mimi. Ameshawahi kupitisha vibaya viwili vitatu, nikavitoa. Hapa hakuna anayeshukiwa, baba. Tunatazamana tu."

Mzee akakiweka kile kichupa mezani kwa uangalifu, kana kwamba bado kina thamani. Akafungua fundo la kitambaa, akakikunja.

"Sawa," akasema. "Kazi nimeiona. Ni kazi safi. Kemigisha, kesho uje, na keshokutwa, sina neno."

Placidia akaanza kupiga makofi, akajizuia. Kemigisha aliinamisha kichwa, na tone moja likadondoka kwenye aproni, halikuwa la mtambo wa Desderius.

"Asante, mzee," nikasema. "Na lile jambo letu lingine?"

"Usiharakishe," Desderius akanong'ona.

"Lile ni jambo lingine," mzee akasema. "Dawa ni dawa na nyumba ni nyumba. Hapa nimefunga kitambaa kwa sababu ni kwenu. Wewe ulipokuja kwangu, kitambaa changu hukukifunga."

"Nilikosa, mzee. Sina maneno mengine. Nilikosa."

"Kukosa umekosa. Ila mimi nauliza, mkono huu utauacha wapi ukioa? Utainua uji wa mama mkwe? Utainua chai ya mkeo?"

"Yangu akiinua atapika mwenyewe," Kemigisha akasema.

"Kemigisha, wewe nyamaza."

"Mimi ndiye nitakayeishi naye, baba."

"Ndiyo maana napima mimi, kwa kuwa wewe umeshapenda, na mtu akishapenda hapimi." Akanielekezea kidole. "Sina chuki na huyu kijana. Ukatoliki wake wataongea wachungaji na mapadri, ndiyo kazi yao. Lakini katika ukoo wetu mwanamume tunampima kwa kinywaji. Anapokea alichopewa, anakunywa, anashukuru. Haulizi, hatazami. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote, na hatujawahi kujuta."

Shangazi Kokwijuka alikuwa amesimama dirishani muda wote ule, kichupa kimoja mkononi, anakiinamisha na kukiinua kama aliyezaliwa humo. Hakugeuka.

"Mume wangu mlimpima hivyo hivyo, Rwegoshora," akasema. "Alipokea, akanywa, akashukuru, wala hakutazama kitu. Sasa hivi yuko kilabuni Omurushaka, bado anashukuru. Mtoto mpe huyu anayetazama."